Wafo za jibini zisizo na wanga mwingi: zinaponata, zinapolegea na zinapofurika

Wafo ya jibini ni yai na jibini iliyokwaruzwa, vikabanwa kati ya mabamba mawili ya moto mpaka vitoke na vishimo vyake vya miraba. Haina ngano, na mara nyingi haina unga wowote. Ndiyo maana ukikosea kidogo tu inaonekana. Ngano hustahimili makosa mengi kwa sababu wanga wake hunywa maji na kuvimba. Hapa kinachoshika umbile ni protini ya yai na ya jibini peke yake, na maji yaliyomo hayana njia ila kutoka kama mvuke. Malalamiko mengi yaliyo hapa chini, ukiyachimba, utakuta maji hayakupewa muda wa kutoka, au yalikuwa mengi tangu mwanzo.

Kabla ya kutafuta kasoro, uwe na mchanganyiko wa kulinganishia: yai 1 kubwa na nusu kikombe cha mozarela kavu iliyokwaruzwa, yaani gramu 55 hivi. Hapo zinatoka wafo mbili za mashine ndogo yenye upana wa sentimita 10. Anayetaka umbile la mkate huongeza kijiko kikubwa 1 cha unga wa lozi na robo kijiko cha chai cha beking pauda. Tatizo likijitokeza, rudi kwenye yai na jibini vitupu. Wafo hiyo ikitoka vizuri, kasoro iko kwenye nyongeza zako. Ikigoma nayo, chunguza jibini, muda na mashine.

Jambo la pili ni taa. Mashine nyingi zina taa inayowaka au kuzimika ikidaiwa kuwa chakula kiko tayari. Taa hiyo inaendeshwa na thamostati, na thamostati hupima joto la mabamba tu. Kilichomo katikati haikijui. Tazama mvuke unaotoka pembeni: mwanzoni hutoka kwa nguvu, kisha hupungua, mwisho unabaki kidogo sana. Fungua hapo. Kwa mashine ndogo ni kama dakika 3 hadi 5, lakini mvuke ni shahidi bora kuliko saa.

Inanata, haitaki kutoka

Hili ndilo linaloongoza, na sababu yake kubwa ni haraka. Jibini huyeyuka kwanza, hukauka baadaye. Kati ya hatua hizo mbili ni gundi kabisa. Ukiinua kifuniko ukahisi kinavutwa, usilazimishe. Kishushe, ngoja dakika 1 au 2, jaribu tena. Uso wa jibini ukishageuka hudhurungi hujiachia wenyewe, bila kuchokonolewa.

Kama ulisubiri vya kutosha na bado imeng'ang'ania, angalia haya kwa mpangilio huu.

Mabamba hayakupata moto. Pasha mashine ikiwa tupu na imefungwa kwa dakika 5 hivi, kisha dondosha tone moja la maji. Lichachatike na kutoweka papo hapo. Likitulia na kutoa mvuke polepole, bado. Rojo likikutana na bamba vuguvugu, yai hujipenyeza kwenye kila mkwaruzo na kugandia humo.

Kuna utando wa mafuta ya zamani. Mafuta ya kupuliza ya kwenye kopo mara nyingi huwa na lesithini, ambayo huungua na kuacha tabaka la kahawia linalonata. Jaribio ni rahisi: mashine ikiwa baridi na imechomolewa, pitisha kidole kwenye mabamba. Ukihisi kunatanata, umepata mchawi wako. Tengeneza ujiuji wa magadi soda na maji kidogo, paka, sugua kwa mswaki laini, futa kwa kitambaa chenye unyevu mpaka pasafike. Baada ya hapo tumia brashi na mafuta ya kawaida, matone machache. Jibini yenyewe ina mafuta ya kutosha, na wengi hawahitaji kupaka chochote.

Jibini imepunguzwa mafuta. Hunata zaidi na hutoka ngumu. Sioni sababu ya kuitumia hapa, maana kinachopunguzwa kwenye mlo huu ni wanga.

Umeweka kiongeza utamu ndani ya rojo. Aluloze hasa hubadilika rangi upesi na kushika mabamba, ukadhani wafo imeiva kumbe ni utamu wake uliokaangika. Acha rojo bila utamu, utamu uje juu baada ya kuiva.

Mwisho, ngozi ya kuzuia kunata imechakaa. Chunguza ncha za vile vilima vya mabamba, maana huko ndiko huanzia. Kama imefifia tu, kuna njia ya kuikwepa: nyunyiza kijiko kikubwa kimoja cha jibini kavu juu ya bamba, ngoja kama sekunde 30 ianze kuchemka, mimina rojo, nyunyiza jibini nyingine kidogo juu, ndipo ufunge. Jibini hiyo inakaangika na kuwa ganda. Wengi huendelea hivyo hata kwenye mashine mpya, kwa kuwa ganda lenyewe ni tamu.

Lakini ngozi ikiwa inabanduka kwa vipande, acha kuitumia. Vipande vinaingia kwenye chakula na hakuna namna ya kuipaka upya nyumbani. Badilisha mabamba kama yanatoka, la sivyo badilisha mashine.

Kama jibini imeshagandia na kukauka: chomoa umeme, acha mashine ipoe hadi vuguvugu, weka kitambaa chenye unyevu kilichokunjwa kati ya mabamba, funga kwa dakika 5. Mvuke mdogo utalainisha, kisha sukuma kwa mwiko wa silikoni au wa mbao. Kisu, uma na steelwaya vikae mbali. Na hata iwe chafu kiasi gani, mashine ya umeme haitumbukizwi kwenye maji wala haiwekwi chini ya bomba.

Inachanika vipande viwili unapofungua

Nusu iko juu, nusu iko chini, katikati ni uji. Mara nyingi ni kesi ileile ya kufungua mapema. Ukiona imeanza kuchanika, funga haraka, mara nyingi hushikamana tena.

Ikiwa muda ulitosha, hesabu mayai: jibini nyingi kwa yai dogo haina cha kuiunganisha. Kisha tazama aina ya jibini. Zile zinazogandishwa kwa asidi, kama paniri inayogandishwa kwa ndimu au siki, haziyeyuki hata uzipashe namna gani. Halumi nayo inalainika na kukaangika bila kutiririka. Hizo kaanga kwenye kikaango ule hivyo hivyo, kwenye wafo zitakutoa jasho bure.

Imelegea, inakunjika badala ya kuvunjika

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili, maana watu huyachanganya. Wafo ikitoka tu kwenye mashine huwa laini, na hiyo si kasoro. Mafuta ya jibini bado ni kimiminika. Iweke juu ya wavu wa waya kwa dakika 2 au 3, hewa ipite chini, kisha ndipo uihukumu. Ukiilaza kwenye sahani, mvuke unaonaswa chini yake unairudisha kwenye unyevu. Ukizipanga moja juu ya nyingine zikiwa moto, zote zinalowana. Ninavyoona, nusu ya wafo zinazolaumiwa kuwa laini zimeharibikia kwenye sahani.

Zikishapoa na bado zinakunjika, anza na muda. Rudisha wafo kwenye mashine dakika 1 au 2 uone inavyobadilika. Ikikauka vizuri, basi tatizo lilikuwa hilo na limekwisha.

Kisha jibini. Mozarela mbichi inayouzwa ikielea kwenye maji, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Unayoitaka ni ile kavu, ngumu kiasi cha kukwaruzika bila kuacha majimaji mkononi. Kama unayo mbichi tu, ikwaruze au ichane, itandaze kwenye taulo safi, ikamue kwa nguvu, utashangaa kinachotoka. Mboga ni vivyo hivyo. Zukini, spinachi na uyoga hujaa maji: tia chumvi, ngoja dakika 10, kamua, ndipo uchanganye.

Baada ya hapo angalia kiasi cha rojo. Wafo nene haikauki katikati kabla nje haijaungua. Kwa mashine ndogo, vijiko vikubwa viwili na nusu vinatosha. Anayetaka ukavu zaidi atumie ute wa yai tu, au abadilishe sehemu ya mozarela kwa parmesani, ambayo ina maji machache zaidi.

Unga wa nazi una tabia yake. Hunywa maji mengi sana kuliko unga wa lozi, kwa hiyo huwezi kubadilisha kijiko kwa kijiko. Anza na kijiko kimoja cha chai, acha rojo litulie dakika 2, litazame. Likiwa zito la kukatika, umezidisha.

Zile za jana zikitoka kwenye friji zimelowa, zilifungwa zikiwa na joto. Zipoe kabisa kwanza, kisha zipange na karatasi katikati. Kwenye friji hukaa siku 3 hadi 4, na zinagandishwa bila shida. Kuzipasha, tumia tosta au oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 5 hivi. Maikrowevu huzipasha lakini huzilegeza, hilo halina dawa.

Nje imeungua, ndani mbichi

Kwanza punguza rojo. Pili, kama mashine ina kitufe cha joto, shusha hadi katikati. Isipokuwa nacho, chomoa plagi kwa sekunde 30 kabla ya kumimina wafo ya pili na ya tatu, kwa sababu mashine ndogo huzidi kupata moto kadiri unavyoendelea. Tatu, toa kiongeza utamu kama nilivyosema juu. Nne, yai la baridi kutoka friji hukawia kuiva katikati. Litoe mapema kidogo.

Ukiwa na kipimajoto cha chakula, katikati ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Ukikosa, chana wafo: usione ute unaoteleza. Yai bichi linaweza kuwa na salmonela, na wajawazito, wazee, watoto wadogo na wenye kinga dhaifu ndio wanaoumia zaidi. Mtu akipata homa kali, kuhara damu, au kutapika mpaka maji hayakai tumboni baada ya kula yai lisiloiva, aende hospitali.

Ladha ya yai imezidi

Watu huacha kabisa wafo hizi kwa sababu hii moja, na dawa yake ni rahisi. Ladha ya yai hutokana zaidi na kiini, na harufu yake huongezeka linapopikwa kupita kiasi. Jaribu kwanza ute mtupu: ute wa mayai mawili kwa nusu kikombe cha jibini. Au baki na yai zima, ongeza kijiko kikubwa cha unga wa lozi, ambacho huleta gramu 1 na nusu hivi ya wanga. Kijiko kimoja cha jibini laini ya kupaka nacho huificha vizuri. Kwa wafo tamu weka vanila. Kwa za chumvi weka unga wa kitunguu saumu, pilipili manga au iliki kidogo ukipenda. Chapa yai vizuri kabla ya kuweka jibini. Madoa meupe unayoyaona kwenye wafo iliyoiva ni ute ambao haukuchanganyika.

Mafuta yanachuruzika

Ni jibini iliyokomaa. Cheda ya zamani ina mafuta mengi, na protini zake zimeshavunjika kwa kukomaa kiasi kwamba zikipata moto haziwezi kuyashika. Changanya nusu cheda, nusu mozarela, na usipake mafuta kwenye mabamba. Zinazotoka ngumu za kutafunika kwa shida zimekaa mno kwenye moto, au ni ute mtupu pamoja na jibini isiyo na mafuta. Chumvi ikizidi, usitie nyingine. Jibini ilishatiwa.

Rojo linafurika pembeni

Yai huvimba likipata moto, na beking pauda huongeza. Mimina katikati, uache ukingo mtupu, ngoja sekunde chache kabla ya kufunga, na usikandamize kifuniko. Weka mashine juu ya trei. Mafuta yanayochuruzika yakiingia kwenye bawaba au chini ya bamba ndiyo yatakayofuka moshi wiki ijayo, kwa hiyo futa pembeni kila mara baada ya kuchomoa na kupoa.

Upande mmoja umeiva, mwingine mweupe

Kwanza angalia kama mashine imekaa sawa. Ikiinama, rojo hukimbilia upande mmoja. Uwezekano wa pili ni kifuniko kisichofikia chakula, kwa kuwa umemimina kidogo mno. Ikiwa yote yako sawa, banza kipande cha mkate wa kawaida mpaka kipate rangi. Mkate ni mkavu na sawa kila mahali, kwa hiyo hauna cha kusingizia: upande mmoja ukibaki mweupe wote, koili ya upande huo imekufa au waya wake umekatika kwenye bawaba, mahali panapokunjwa kila siku. Usifungue mwenyewe. Ni kazi ya fundi wa vifaa vya umeme, na kwa mashine ndogo ya bei ya chini mara nyingi ni nafuu kununua nyingine.

Sukari ya damu inapanda hata hivyo

Yai kubwa lina chini ya gramu 1 ya wanga, na gramu 55 za mozarela zina gramu 1 hadi 2. Kwa hiyo anza kushuku kilichowekwa juu. Kijiko kikubwa cha asali kina gramu 17 hivi za wanga, na sharubati nyingi hazipishani nayo sana. Kisha soma pakiti ya kiongeza utamu: maltitoli hupandisha sukari, ingawa chini ya sukari ya kawaida. Soma na pakiti ya unga, isije ikawa umechanganywa na mhogo au viazi. Jibini iliyokwaruzwa kiwandani hupakwa wanga kidogo au selulosi isigandane. Kiasi hicho ni kidogo, lakini anayehesabu kwa makini akwaruze yake. Mwenye mbwa na asimpe mabaki yenye zailitoli, kiongeza utamu kingine: kwa mbwa ni sumu.

Hapa nitakaza sauti. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi akipunguza wanga ghafla bila kurekebishiwa dozi, sukari inaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha. Kutetemeka, jasho la ghafla, kuchanganyikiwa: apewe sukari au juisi mara moja. Akipoteza fahamu asilishwe wala kunyweshwa chochote, apelekwe hospitali haraka. Anayetumia dawa za kisukari za dapagliflozini au empagliflozini amwone daktari kabla hajaanza mlo wa wanga kidogo. Akipata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu, hiyo ni dharura hata kama kipimo cha sukari hakiko juu sana.

Moshi, harufu, mashine isiyopata moto

Mashine mpya kufuka kidogo mara ya kwanza ni kawaida, ni mabaki ya kiwandani. Fungua madirisha, ipashe tupu, ifute, wafo ya kwanza itupe. Ndege wa kufugwa wasiwe jikoni: ngozi ya kuzuia kunata ikipita nyuzi 260 hivi hutoa gesi inayoweza kuwaua. Joto la kupikia wafo halifiki huko, lakini mashine iliyoharibika thamostati inaweza kufika.

Ikiwa haipati moto kabisa, jaribu soketi kwa taa au kifaa kingine. Kisha fyuzi ya plagi, kama plagi yako inayo. Toa waya wa nyongeza, chomeka moja kwa moja ukutani, kwa kuwa waya mwembamba hauhimili kifaa cha kupasha joto. Bado kimya? Huenda fyuzi ya joto iliyo ndani imekatika. Iliwekwa ikatike mashine inapopata moto kupita kiasi, kwa hiyo kuiunganisha kwa kipande cha waya ni kuondoa kinga ya mwisho iliyokuwepo.

Chomoa na usiirudie mpaka fundi aione ukikutana na lolote kati ya haya: harufu ya plastiki inayoungua, plagi au waya uliopata moto, cheche, mtetemo wa umeme ukigusa chuma, waya uliochubuka, au swichi kuu inayojizima kila unapoiwasha mashine. Ukihisi umeme, usishike plagi ile; zima swichi kuu kwanza. Soketi ikiwa imeyeyuka au imefanya weusi, tatizo liko ukutani pia, na anayeitwa ni fundi umeme wa nyumba.

Mafuta yakishika moto ndani, usimwage maji. Kama plagi inafikika salama, chomoa, acha kifuniko kimefungwa moto ukose hewa. Ukisambaa nje ya mashine, toa watu, funga mlango wa jikoni, piga simu zimamoto.